Karatasi au Simu? Namna ya Kuamua Utasomea Wapi

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mwanafunzi anauliza kama inatosha kusoma noti zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp, au ni lazima akatoe kopi. Mzazi anauliza kama amnunulie mtoto kitabu cha hadithi au ampakulie kwenye simu. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu anauliza kama iko njia ya kuendelea kusoma gazeti. Wote wanauliza jambo moja: nisomee wapi, kwenye karatasi au kwenye kioo?

Jibu langu ni kwamba utazame kwanza unachosoma na unachokitafuta humo. Kama ni jambo unalotaka kulielewa kwa kina na kulikumbuka baada ya wiki au miezi, kama vile somo la mtihani, mkataba au maelekezo ya dawa, lisome kwenye karatasi ukiweza. Kama unatafuta kitu kimoja haraka, unataka kubeba vitabu ishirini safarini, au huoni herufi ndogo, simu itakufaa zaidi. Hadithi na riwaya ziko katikati, na huko chagua unachokipenda.

Ushauri huu una ushahidi. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania na Israeli, wakiongozwa na Pablo Delgado wa Chuo Kikuu cha Valencia, walikusanya matokeo ya tafiti 54 zilizofanywa kati ya mwaka 2000 na 2017. Washiriki wote kwa pamoja walizidi 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kuliko waliosoma maandishi yaleyale kwenye kioo. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilijirudia, na ilionekana zaidi pale msomaji alipopewa muda maalumu na pale maandishi yalipokuwa ya maarifa. Kwenye hadithi tupu tofauti hiyo haikuonekana. Wengi walitarajia kwamba kadiri watu wanavyozoea simu na kompyuta, pengo lingeziba. Haikuwa hivyo: katika tafiti za miaka ya mwisho ya kipindi hicho pengo lilikuwa kubwa zaidi.

Kwa nini iwe hivyo, wakati maneno ni yaleyale? Mmoja wa watafiti hao, Rakefet Ackerman, alikuwa ameonyesha mapema kwamba msomaji wa kwenye kioo hujiamini kupita kiasi. Husoma haraka, huona ameshaelewa, huacha mapema. Tumezoea kuitumia simu kwa ujumbe mfupi, picha na habari za kupita, kwa hiyo mkono na jicho huja na mwendo huohuo hata tunapofungua sura ya historia. Liko pia suala la mahali. Ukisoma kitabu cha karatasi, akili hushika kwamba jambo fulani lilikuwa ukurasa wa kushoto, chini kidogo ya mchoro, kitabu kikiwa kimefika nusu. Kwenye simu maandishi hupanda na kushuka, na alama hizo za mahali hupotea.

Sasa, tafiti hizi zilimpa kila msomaji karatasi au kioo, vyote vikiwa mezani. Kwetu hali mara nyingi si hiyo. Darasa linaweza kuwa na nakala chache za kiada, wanafunzi wakasoma kwa zamu, na kitabu hichohicho kipo bure kwenye simu ya mzazi. Mwanafunzi wa namna hiyo asiache kusoma akisubiri karatasi. Asome kwenye simu, lakini ajifunze kuisoma simu polepole. Hilo linafundishika, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo litakalowasaidia wengi.

Anza kwa kupakua kitabu kizima, yaani kukihifadhi ndani ya simu, badala ya kukisoma mtandaoni. Kisha zima data, au washa ile alama ya ndege inayokata mawasiliano yote. Ujumbe ukiingia katikati ya aya, hata usipoufungua, utakuwa umeshakuvuta. Pili, tafuta programu ya kusomea. Ziko za bure kwenye duka la programu la simu yako. ReadEra ni mojawapo, haina matangazo na hufungua karibu kila aina ya faili la kitabu. Programu ya namna hii hukumbuka ulipoishia, hukuruhusu kuweka alama kwenye mstari, na hugeuza kurasa moja baada ya nyingine badala ya kuyateremsha maandishi bila kikomo. Hilo la kugeuza kurasa ni jambo dogo lenye faida kubwa, kwa sababu linakurudishia zile alama za mahali. Chagua mpangilio huo.

Tatu, jua tofauti ya mafaili mawili utakayokutana nayo zaidi. PDF ni kama picha ya ukurasa ulivyochapwa. Ukiukuza ili usome, maneno hutoka nje ya kioo na utalazimika kusukuma kushoto na kulia kila mstari. Ndiyo sababu watu wengi husema simu inachosha. EPUB ni faili ambalo maandishi yake hujipanga upya kulingana na upana wa kioo na ukubwa wa herufi uliouchagua. Ukipewa nafasi ya kuchagua, na kitabu hakina michoro wala majedwali mengi, chukua EPUB. Kwa vitabu vya Hisabati, Jiografia na sayansi, PDF hubaki na mpangilio wake, hivyo ni afadhali uisome simu ikiwa imelala upande, au kwenye tableti au kompyuta.

Nne, weka daftari na kalamu kando. Baada ya kila sehemu, geuza simu ifudifudi na uandike kwa maneno yako ulichosoma, sentensi mbili au tatu. Kama huwezi kuandika, hujaelewa, rudi. Zoezi hili ndilo dawa ya ule ugonjwa wa kudhani umeelewa, na linafaa hata kwa anayesoma karatasi.

Na macho? Kinachoyachosha zaidi ni kwamba mtu anapokazia kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, macho yakakauka, na misuli ya jicho hukaa muda mrefu ikivuta kitu cha karibu. Kwa hiyo kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali, mita sita hivi, kwa sekunde 20. Hiyo haina gharama. Shika simu mbali kidogo na uso, kadiri ya sentimita 40, na ongeza ukubwa wa herufi badala ya kuisogeza puani. Mwanga wa kioo uwe sawa na mwanga wa chumba: usisome simu inayowaka sana gizani, wala iliyofifia kwenye jua. Utakutana na wauzaji wa miwani inayodaiwa kuzuia mwanga wa buluu wa simu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 yaliona kwamba huenda miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho kwa wanaotumia kompyuta. Fedha hiyo ipeleke kwenye kupima macho. Ukishafika miaka 40 au karibu yake, kushindwa kuona herufi za karibu ni jambo la kawaida, na dawa yake ni miwani ya kusomea iliyopimwa.

Wengi huacha kusoma kwenye simu kwa kuogopa bando. Tufanye hesabu, kwa sababu hofu hiyo mara nyingi ni kubwa kuliko gharama yenyewe. GB 1 ni kama MB 1,000. Chukua bei ya bando unalonunua, gawa kwa idadi ya MB zake, utapata bei ya MB moja. Tuseme umelipa shilingi 3,000 za Tanzania kwa GB 1: MB moja ni shilingi 3. Riwaya ya EPUB isiyo na picha mara nyingi haifiki hata MB 1, kwa hiyo kuipakua ni shilingi tatu au chini. Kitabu cha PDF kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kinaweza kufika MB 50 au zaidi, hapo ni shilingi 150. Ukishakipakua utakisoma mara mia bila kulipa tena. Video ndizo zinazokula bando, vitabu sivyo. Kabla ya kupakua, tazama ukubwa wa faili. Huandikwa karibu na jina lake.

Vitabu halali vya bure vinapatikana wapi? Kwa mwanafunzi wa Tanzania, anza na Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo huweka vitabu vya kiada, yaani vile vinavyofuata mtaala, visomwe bila malipo. Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ina hazina yake ya mtandaoni iitwayo Kenya Education Cloud. Kwa hadithi za watoto, African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini na kufanyiwa majaribio pia Kenya na Uganda, una hadithi nyingi kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika. StoryWeaver ya India nayo ina za Kiswahili. Hadithi za miradi hii miwili zina leseni huria, maana yake wenye kazi wamekuruhusu kuzinakili, kuzichapisha na hata kuzitafsiri bila kulipa, mradi majina yao yabaki. Kumbuka hilo, tutalirudia tukifika kwa watoto.

Kuna Kiwix pia, programu ya bure ambamo huwekwa Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, ikasomeka bila intaneti kabisa. Faili lake huja kwa ukubwa tofauti. Lisilo na picha ni jepesi. Ukilipakua mara moja kwenye kompyuta ya shule au ya msikiti au ya parokia, unaweza kulihamishia kwenye simu za watu wengine kwa memori kadi. Kwa shule iliyo mbali na mnara wa simu, sijaona msaada unaozidi huu kwa gharama hiyo.

Na kwa anayependa fasihi ya kale, kioo kinatoa kitu ambacho karatasi haiwezi. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na picha hizo ziliwekwa mtandaoni zitazamwe bure. Hati zenyewe ni karatasi kuukuu ambazo si busara kuzishikashika. Kijana wa Tanga au Muscat anayejua kusoma maandishi ya Kiarabu anaweza sasa kuzikuza herufi moja moja, na hati ikabaki salama Lamu.

Hapa lazima niseme kuhusu zile PDF zinazozunguka kwenye makundi. Nyingi ni nakala za vitabu ambavyo bado vinauzwa, zilizopigwa picha bila ruhusa. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, na ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwandishi wa Kiswahili haishi kwa mauzo ya mamilioni. Kila nakala inayosambazwa bure inampunguzia sababu ya kuandika kitabu kinachofuata, nasi ndio tutakaobaki bila cha kusoma kwa lugha yetu. Ipo pia hatari upande wako. Faili la kitabu huishia na herufi za PDF au EPUB. Likiishia na APK, si kitabu, ni programu, na ukiiruhusu kuingia kwenye simu yako inaweza kusoma ujumbe wako, pamoja na ule wa fedha za simu. Lifute, na umwambie aliyekutumia.

Tugeuke upande wa karatasi, ambako kilio kikubwa ni bei. Kenya, sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 hata kwenye vitabu, na mzazi aliihisi mara moja. Lakini kusoma karatasi si lazima kuwe kununua kitabu kipya.

Nenda kwanza maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani. Zanzibar kuna Shirika la Huduma za Maktaba, Maisara. Nairobi kuna maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya, ileile iliyoanza kupeleka vitabu kwa ngamia Garissa mwaka 1996. Ukifika, uliza mambo matatu: ada ya kusoma humohumo ndani, ada ya uanachama unaokuruhusu kuazima, na muda wa kukaa na kitabu. Ada za mtoto na mtu mzima huwa tofauti. Chukua kitambulisho na picha ndogo mbili, na uwe tayari kuulizwa mdhamini, yaani mtu atakayethibitisha unakoishi: mwajiri, mwalimu mkuu au serikali ya mtaa. Usiogope kuuliza. Kazi ya mkutubi, mtunzaji wa maktaba, ni kukusaidia, na anajua rafu ambazo wewe hujui kama zipo.

Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ina faida moja zaidi ambayo wasomaji wengi hawaijui. Sheria inawataka wachapishaji wa Tanzania wapeleke huko nakala za kila wanachochapisha. Hivyo kitabu kilichokwisha madukani miaka mingi, ambacho hata mwandishi hana nakala yake, kinaweza kuwa pale. Vitabu vya namna hiyo haviazimwi. Unaomba, unaletewa, unasomea ndani. Kwa mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu juu ya riwaya za miaka ya sabini, nauli ya kwenda Dar es Salaam huenda ikawa njia rahisi kuliko zote.

Ukitaka kuwa na chako, pita kwanza kwa wauza vitabu vya mitumba: wale wa barabarani Posta na Kariakoo, au wale ambao Nairobi huwaita "inama" kwa sababu vitabu vimetandazwa chini na mnunuzi huinama kuchagua. Bei hupatanwa. Fungua kitabu chote kabla ya kulipa, uone kama kurasa zimetimia na hazijaliwa na wadudu. Kama kinaonekana kipya lakini wino umefifia au unachafua kidole, kurasa zimepinda na picha ya jalada haiko wazi, huenda ni nakala bandia, iache. Kwa vitabu vipya vya Kiswahili, duka la TPH la Mtaa wa Samora jijini Dar es Salaam lina historia ndefu, na wachapishaji wengi huuza moja kwa moja ukiwapigia, wakakutumia kitabu kwa basi. Mkiwa wasomaji watano mtaani, kila mmoja akanunua kimoja na mkabadilishana, mmesoma vitano kwa bei ya kimoja.

Njia ya katikati, ambayo naipendekeza sana kwa wanaojiandaa na mitihani, ni kuchapisha sura tu. Kitabu kizima kibaki kwenye simu kwa ajili ya kutafuta neno au kurudia jambo, na sura ngumu, ile unayoisoma mara tatu bila kuielewa, ichapishwe. Kopi ya ukurasa mmoja kwenye maduka ya steshenari ya Dar es Salaam huwa kama shilingi 50 hadi 100; kuchapisha kutoka kwenye simu huzidi kidogo. Sura ya kurasa 20 haitazidi shilingi elfu chache. Mwambie achape pande zote mbili za karatasi, na aache pambizo pana upate pa kuandika. Penseli ndiyo itakayofanya karatasi hiyo iwe na thamani: pigia mstari, uliza maswali pembeni, chora mshale. Fanya hivyo kwa kazi zenye ruhusa, kama noti za mwalimu wako na vitabu huria. Kutoa kopi ya kitabu kizima kinachouzwa madukani ni kosa lilelile la PDF za makundi.

Mkataba wa kazi, wa mkopo au wa kupanga nyumba usiusome kwenye simu peke yake, hata ukitumiwa huko. Uchapishe. Kurasa sita kwa shilingi mia chache ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kifungu cha riba ulichokipita kwa kidole. Mikopo ya kwenye programu za simu ambayo mkataba wake hauwezi kuchapishwa wala kuhifadhiwa inastahili mashaka kwa sababu hiyohiyo.

Na mtoto, tumwanzishie wapi? Kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ndiyo bora. Kusomewa hadithi na mtu mzima hakumo katika katazo hilo, mwongozo unakuhimiza. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji kugeuza ukurasa, kurudi nyuma kutazama picha, kuweka kidole juu ya neno. Kwenye simu atajifunza haraka kwamba nyuma ya hadithi kuna katuni, na hadithi itashindwa.

Hapa ndipo zile hadithi huria zinapofaa. Pakua hadithi tano za Kiswahili kutoka African Storybook, zichapishe kwa rangi moja, zikunje katikati na uzishone mgongoni kwa uzi. Mtoto atapaka rangi picha mwenyewe. Nyingi ni fupi, kurasa kumi na kitu, hivyo gharama ni ndogo, na zikichanika unachapisha nyingine. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kupata kabati zima la vitabu kwa njia hii. Mtoto akishasoma kwa ufasaha, labda darasa la nne au la tano, simu iingie kwa kazi maalumu na kwa muda uliokubaliwa, mzazi akiwa karibu.

Kwa wazee na wenye uoni hafifu mambo hugeuka: kwao kioo ndicho kinachookoa. Maandishi yanaweza kukuzwa yakawa na ukubwa wa kidole, na rangi zikageuzwa, herufi nyeupe juu ya weusi, ambazo baadhi ya macho huzimudu vizuri zaidi. Simu nyingi za Android pia zina sauti ya Kiswahili inayosoma maandishi. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu, yaani huduma kwa wenye mahitaji maalumu, kisha sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, na uchague lugha ya Kiswahili. Sauti haina mapozi ya msimulizi, lakini gazeti litasomwa lote. Faili lililopigwa picha halitasomeka kwa sauti, kwa sababu simu huona picha na si maneno. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea EPUB. Kwa wasioona kabisa, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya nukta nundu, vya sauti au vya herufi kubwa bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki, na Kenya ilijiunga mwaka 2017. Shule na vyama vya wasioona vikiambiwa kwamba kitabu hakiwezi kunakiliwa, vina haki ya kuutaja.

Nikiulizwa kuhusu vifaa vya kusomea vitabu tu, kama Kindle, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2007, au Kobo, jibu langu hutegemea mtu. Kioo cha kifaa hicho hutumia aina ya wino wa umeme: maandishi huonekana kwa mwanga wa nje, kama ya karatasi, hayakuwakii machoni, na chaji hukaa wiki kadhaa. Hakipokei ujumbe, na hiyo ni faida yake kubwa. Lakini cha bei ya chini huanzia kama dola 100 kabla ya usafiri na ushuru, na vitabu vya Kiswahili kwenye maduka yake ni vichache. Mtu wa riwaya za Kiingereza anayesoma vitabu vitatu kwa mwezi atarudisha fedha yake. Kwa msomaji wa Kiswahili, fedha hiyo inanunua rafu ya vitabu.

Ujue pia kwamba kitabu cha mtandaoni ulichokilipia si mali yako kama cha karatasi. Kwa kawaida unanunua ruhusa ya kukisoma. Julai 2009 Amazon ilivifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu viliondoka bila wao kuulizwa. Kabla ya kulipa, soma kama utapewa faili unaloweza kulihifadhi mwenyewe au utasomea ndani ya programu yao tu. Kitabu unachotaka watoto wako wakirithi, kinunue cha karatasi.

Na vyote viwili vinahitaji kutunzwa. Pwani, adui wa karatasi ni unyevu: usipange vitabu kwa kubana ukutani, acha hewa ipite nyuma yake, viinue kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa, na wakati wa masika vitoe nje mara kwa mara vikae kivulini penye upepo. Jua kali hupindisha majalada na kufifisha wino. Kitabu kilicholowa, kisimamishe, tia karatasi kavu katikati ya kurasa na uzibadilishe kila saa chache. Upande wa simu, weka vitabu vyako kwenye folda moja, nakala yake kwenye memori kadi au kompyuta ya mtu unayemwamini, na alama ulizoweka kwenye vitabu zihamishie daftarini kila mwisho wa mwezi, kwa sababu simu ikiibiwa kwenye daladala, vitabu utavipakua tena lakini alama zako hazitarudi.